Mgonjwa Aliyesema Jumanne

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padre ametupaka majivu na kutuambia kila mmoja achague kishawishi chake kimoja, akiangalie kila siku hadi Pasaka kama mtu anavyoangalia maziwa mekoni. Wenzangu wa jumuiya wamechagua soda, nyama na umbea. Aliyeacha umbea aliuacha mpaka tulipofika getini. Mimi changu sikukitaja. Kimelala sebuleni kwangu, kimefunikwa shuka la maua, na jina lake ni Oduor.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Binti yetu Cindy yuko kazini Nakuru, anajua baba yake anaumwa kidogo tu, na nikimweleza ukweli wote ataacha kazi aje.

Oduor ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Miaka mitatu iliyopita aliniambia anakwenda zamu Kipevu, anakofunga makontena melini, asirudi tena. Nikasikia yuko Likoni kwa mwanamke anayeitwa Dhahabu. Januari mwaka huu kiharusi kikamwangusha kazini. Ndugu zake walimtoa hospitali, wakamleta hapa Junda kwa gari la Probox na kumlaza kwenye kochi langu. Kaka yake akasema, "Shemeji, kanisa linakujua wewe." Wakanywa chai, wakaenda zao. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha, na mbacha haukuulizwa kama unataka kukaliwa tena.

Upande wake wa kulia umekufa. Maneno yamekwisha yote isipokuwa moja: Jumanne. Ukimuuliza kama anataka uji, Jumanne. Ukimgonga mguu kwa bahati mbaya, Jumanne, kwa ukali.

Mimi nataka kitu kimoja tu kwake, aniambie nisamehe. Akilisema hilo nitamwosha mpaka mmoja wetu azikwe, na sitanung'unika.

Ijumaa, 7 Machi

Joto la kuchemsha ubongo. Mferejini maji hayajatoka wiki nzima, na muuza maji wa mkokoteni anaringa kama bwana harusi. Nimemwosha Oduor, nikajiosha kwa yaliyobaki. Njia ya Msalaba sikuenda.

Jumapili, 9 Machi

Simu ya Oduor iko juu ya kabati, naichaji kwa mazoea tu. Kila siku asubuhi huita. Kwenye kioo hutokea jina "Fundi Pampu." Sisi hatujawahi kuwa na pampu. Naiacha iite mpaka ichoke.

Jumatatu, 10 Machi

Amelishwa, ameoshwa, amegeuzwa. Sikumfinya.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni Jumanne kweli. Aliposema neno lake nilimjibu, "Hatimaye umepatia," nikacheka. Naye akacheka, kwa nusu ya uso. Kwa kitambo kidogo alikuwa yule kijana aliyenichekesha kituo cha Changamwe mpaka nikapitwa na gari. Kisha nikajiuliza Jumanne ilikuwa siku gani kwao, yeye na huyo Dhahabu, na kicheko kikaniishia.

Alhamisi, 13 Machi

Jumuiya imesali kwangu leo. Akina mama walijazana sebuleni, katekista akaketi karibu na kochi. Tulipofika kwenye Baba Yetu nikasikia sauti ya mwanamume ambayo si ya katekista. Nikafumbua macho. Oduor alikuwa anasali. Hakusema Jumanne hata mara moja. Alisema mkate wetu wa kila siku, akasema utusamehe makosa yetu, akasema usitutie katika kishawishi, neno kwa neno, mpaka Amina.

Akina mama walipiga vigelegele. Katekista akatokwa na machozi, akasema ni muujiza, lazima Padre aje ampake mgonjwa mafuta. Wote wakanikumbatia. Nami nikawa nimesimama katikati yao nikiwaza jambo moja: kumbe anaweza.

Walipoondoka niliinama mbele yake. "Haya, baba. Wameondoka. Niambie na mimi."

"Jumanne," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemsalisha Baba Yetu mara tatu, na zote tatu ametoa kamili. Nikamwomba aseme "nisamehe, Mama Cindy." Jumanne. Basi huyu ananichezea. Ana maneno ya Mungu, ana maneno ya wageni, mimi amenibakizia siku moja ya wiki.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi Pampu amepiga mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Zuleikha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameniletea kaimati za futari. Nilimwambia kuwa na mimi niko kwenye mfungo wetu. Akasema, "Kula mwanangu, mfungo wako mzito kuliko wangu. Mimi magharibi nafungua."

Jumamosi, 22 Machi

Leo nitaandika yote, hata kama mkono utakataa.

Padre alikuja baada ya saa nne. Nilikuwa nimemlaza Oduor ubavu wa kulia ili uso wake uelekee kiti cha mgeni. Akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, akasali, akamwekea mikono. Oduor alilia. Nikamuuliza Padre mpako ule unafanya nini hasa. Akasema mgonjwa asiyeweza kuungama kwa kinywa, na moyoni anatubu, huondolewa dhambi zake.

"Zote, Padre?"

"Zote, mama."

"Na zile alizonifanyia mimi?"

Akaniangalia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mama Cindy, Mungu hasamehi nusu nusu."

Akanywa soda nusu, akabariki nyumba, akaenda. Nikabaki na mtu msafi kuliko mimi. Miaka mitatu nimelala peke yangu, nimeulizwa na kila mtu sokoni mzee yuko wapi, nimemwambia Cindy kuwa baba yake ana zamu nyingi. Yeye kapakwa mafuta, kafutiwa yote, na hakuna aliyegeuka kuniuliza, je, wewe umekubali?

Ilikuwa saa ya kumgeuza. Kliniki walishanionya kuwa mtu wa namna hii halazwi ubavu mmoja kwa muda mrefu. Nilijua. Nikamwinamia nikamwambia, "Maneno unayo, nimeyasikia. Leo nitakugeuza ukiniita. Sikuombi hata hiyo nisamehe. Niite tu, Mama Cindy, kama ulivyokuwa ukiniita ukitaka chumvi." Nikatoka barazani, nikakaa kwenye cherehani.

Ninashona majoho ya kwaya kwa ajili ya Pasaka. Akaanza kusema Jumanne, polepole. Nikashona. Akasema kwa nguvu. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Jua lilipopita juu ya nyumba akawa anasema kama mtoto anayelia, Jumanne, Jumanne, na mimi ninapinda mikono ya joho jeupe. Nilikuwa namsikia. Sitaki siku moja nije nijidanganye kuwa cherehani ilinizibia masikio.

Bi Zuleikha akatokeza kichwa ukutani. "Mama Cindy, mgonjwa wako aita."

"Anaita Jumanne, Bi Zuleikha."

"Na wewe ukiitwa Jumanne huitiki? Mimi ningeitika abee."

Nikaendelea kushona. Niliinuka adhana ya magharibi iliposikika, watu wakifungua saumu zao. Oduor alikuwa amelowa, shuka limejikunja chini yake, sauti imemkauka. Nilipomgeuza hakuniangalia.

Jumapili, 23 Machi

Nyongani pana wekundu, upana wa kiganja. Nikibonyeza haupotei. Sikuenda Misa.

Jumanne, 25 Machi

Ngozi imefunguka.

Alhamisi, 27 Machi

Tumekwenda kliniki kwa tuktuk, nimempakata kama gunia. Binti wa mazoezi ya viungo alikitazama kidonda, akaniuliza kama ninamgeuza. Nikasema ninamgeuza. Sikudanganya kwa leo, nilidanganya kwa Jumamosi.

Nikamweleza habari ya Baba Yetu. Nilitaka anithibitishie kuwa mtu huyu ni mwongo. Akatabasamu, akasema huyaona hayo kila mara. "Mama, sala aliyoikariri tangu utoto hutoka yenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Wengine huimba nyimbo nzima. Lakini kutafuta neno na kumwambia mtu, hata jina lako tu, ni kazi nyingine kichwani, na kwake sehemu hiyo imeharibika. Hafanyi kusudi."

"Kwa hiyo hata akitaka kuniita?"

"Hata akitaka sana. Na asipolia pale unapotarajia, au akicheka msibani, usimhukumu. Machozi na kicheko navyo huja vyenyewe."

Njiani nilimshikilia asianguke kwenye matuta. Alikuwa akiniita siku ile. Alikuwa na neno moja tu, na aliniita kwa hilohilo mchana kutwa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Zuleikha ameleta pilau na chetezo cha udi mpaka nyumba nzima imenukia. Nikambusu mkono na kumwambia, "Bi Zuleikha, nisamehe kwa siku ile."

"Mimi umenikosea nini, mwanangu? Aliyeita ni yule pale."

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua za masika zimefika. Mtaro umefurika, kuku wa jirani wamehamia barazani kwangu. Kidonda kimechimbika. Nakiosha kwa maji ya chumvi kama nilivyoagizwa, nakifunga, kesho yake nakikuta vilevile. Kumgeuza peke yangu siwezi bila kumburuta, na kila nikimburuta ngozi inachunika. Akina mama wa jumuiya walikuja mara moja. Sasa wako mazoezi ya Wiki Kuu, siwalaumu. Bi Zuleikha mgongo haumruhusu. Ndugu zake Oduor wananiambia wananiombea.

Jumanne, 8 Aprili

Homa. Dawa. Homa imeshuka. Amesema neno lake na leo ndiyo siku yenyewe, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kuungama. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu amekumbuka dhambi zake dakika za mwisho kama kawaida yetu. Nilimwambia Padre yote, cherehani, Bi Zuleikha, kidonda. Nikadhani hatanisamehe, na nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukubali. Lakini akaniondolea dhambi, palepale, kwa muda uleule aliomwondolea Oduor. Sikulalamika kuwa ni haraka mno.

"Malipizi yako," akasema, "ni kumwambia mwenyewe."

"Padre, hawezi kunijibu."

"Sikukwambia akujibu."

Jumamosi, 12 Aprili

Nilivuta kigoda mpaka usoni pake. "Oduor, siku ulipolia mchana kutwa nilikuwa nakusikia. Nilikuacha makusudi. Kidonda hiki nimekutia mimi. Nisamehe."

Akasema, "Jumanne," akafumba macho. Chozi likamtoka jicho moja. Binti wa kliniki amenikataza kuliamini chozi hilo. Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Kwaresima nzima nilitaka neno moja kutoka kwake, sasa nataka jingine, na yote mawili yako mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuyafikia, si mimi, si daktari, na yeye mwenyewe hawezi. Nililia sana. Yeye akaanza kucheka. Nikamfuta mate, nikaenda kumwaga maji yaliyoingia jikoni.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi nilijaribu kumgeuza, akaniteleza, bega likagonga ubao wa kochi. Akaguna. Nikaketi sakafuni. Simu ikaanza kuita juu ya kabati. Fundi Pampu.

Nikaipokea. Nikasikia mtu anavyopumua.

"Ni mimi, mke wake," nikasema.

"Najua, dada. Shikamoo."

Shikamoo! Nusura niikate. "Unataka nini kila siku?"

"Sitaki kitu. Simu ikiita, najua yu hai. Mtu akifa watu huzima simu yake." Kisha akauliza, "Yu hai?"

"Yu hai. Ana kidonda. Siwezi kumgeuza peke yangu." Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Njoo unisaidie."

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Amekuja na mvua. Alipiga hodi mlangoni, buibui limelowa, viatu mkononi. Miaka mitatu nilimtunga mwanamke kichwani, mweupe, mnene, wa kunukia. Dhahabu ni mwembamba, ana pengo mbele, na miguu yake imepasuka visigino kama yangu. Karibu nimwonee huruma, nikajizuia.

Oduor alipomwona alisema Jumanne mara tatu mfululizo, uso umewaka upande mmoja. Mimi hajawahi kunisemea kwa uso huo. Ilinichoma, na sitasema haikunichoma kwa vile ni Ijumaa Kuu.

Nikamuuliza hapohapo, bila hata kumkaribisha kiti, "Jumanne ilikuwa siku gani kwenu?"

Akashangaa. "Si siku yoyote, dada."

Kisha akapiga magoti kwenye sakafu yangu. "Nisamehe, dada. Nilijua ana mke. Aliniambia mmeachana, nami sikumwamini, nikajifanya namwamini."

Neno lile lile! Nimelililia tangu majivu, na limekuja na sababu zake zote, kwa mdomo nisioutaka. Nikasema, "Inuka ushike mabega. Mimi nitashika kiuno."

Tukamgeuza bila kumburuta hata kidogo. Dhahabu alipoona bandeji akashika mdomo. Nimempa chumba cha Cindy.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Aliniuliza tukimfunga dawa, "Hiki kimemtokeaje?" Ningeweza kusema ni kulala sana. Kila mtu nimemwambia hivyo, hata Cindy. Nikamweleza.

"Ulimsikia analia ukamwacha?"

"Nilimwacha."

"Hana mkono, hana neno, dada, ukamwacha?" Akasimama. "Na mimi niko Likoni kila siku napiga simu!"

Akachukua buibui lake akatoka. Nikajua amekwenda, na sikuwa na haki ya kumzuia. Nilipomaliza kufua bandeji ilikuwa saa ya kumgeuza. Nikapenyeza mikono chini yake peke yangu, shuka likavutika, Oduor akaguna.

"Usimburute. Ngoja."

Alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba. Hakuwa ameenda popote, alikuwa barazani na kuku. Akashika mabega. Hatukusemezana mpaka uji wa jioni, na hata hapo aliniuliza tu sukari iko wapi.

Pasaka, 20 Aprili

Nimekwenda Misa ya kwanza, Oduor nikamwacha na Dhahabu. Njiani niliwaza kuwa kama ana kisasi, leo ndiyo nafasi yake, na mimi ndiye nimempa. Nikaendelea kutembea.

Kwaya waliingia na majoho meupe, watu wakageuka kunipongeza kwa macho. Niliyatazama mapindo ya mikono, nikajua yapi niliyashona mchana ule. Nilipokea Komunyo. Mdomo wangu ukasema Amina, na miguu ikanirudisha kitini, na sikuhisi kitu ila uchovu.

Nyumbani nilimkuta Oduor amelala ubavu wa kushoto, kavu, amenyolewa ndevu. Dhahabu alikuwa anamlisha uji. Oduor akasema Jumanne, yeye akaweka kijiko chini, akampa maji. Akasema tena, akampandishia mto. Hakukosea hata mara moja. Nilisimama na leso yangu ya kanisani mkononi, nikaona kuwa mwanamke huyu amemjua mume wangu kwa namna ambayo mimi nilikuwa nimeisahau.

Nikaketi sakafuni karibu naye. "Dhahabu, nikuulize. Nilimwambia habari ya kidonda na kumwomba msamaha. Akasema Jumanne, akafumba macho. Wewe unamwelewa. Amenisamehe?"

Alimtazama Oduor kwa muda mrefu. Oduor alikuwa anatutazama sote wawili.

"Sijui, dada," akasema. "Wallahi sijui."

Nilitamani anidanganye. Nikamwambia kuwa na mimi sijui kama yeye mwenyewe, Dhahabu, nimemsamehe. Akasema hilo analijua. Mvua ikaanza tena kupiga bati, saa ya kumgeuza ikafika, tukainuka wote wawili.